Siku Nilipomwandika Mtani Wangu Marehemu

Mnaniona nina mvi, nimestaafu ukarani, watu wananipisha njiani, basi mnadhani sikuwahi kufanya jambo la aibu. Nililifanya, na nililifanya mbele ya watu wengi, na kubwa kuliko yote nililifanya kwa maandishi, kwa hiyo hata nikikana leo karatasi itanisuta. Nasimulia mara moja tu, mwenye kucheka acheke, ila asinikatize, maana nikikatizwa nitaona haya na nitaacha.

Ilikuwa siku za Mjerumani, mimi kijana, karani wa hospitali ya masista pale chini ya milima, mwendo mfupi kutoka mjini Morogoro. Ilikuwa hospitali ya sadaka, mtu halipi kitu, anakuja na ugonjwa wake na mkeka wake basi. Kazi yangu ilikuwa kuandika. Kila jioni nilipita wodini na karatasi ndefu yenye mistari, nikaandika kwa kalamu ya risasi: namba ya kitanda, jina, kijiji, ugonjwa, amekula au hakula, na safu ya mwisho kabisa ilikuwa ya hali, ambapo mtu anaandikwa yupo, amepona, ametoroka (walikuwa wengi hao) au amekufa. Karatasi hiyo naipeleka kwa Sista Ludgera, naye anainakili kwa wino katika daftari kubwa lenye jalada jeusi, na daftari lile, ndugu zangu, halikuwa likifutwa. Sista alikuwa na msemo wake, kwamba kisichoandikwa hakikutokea. Mimi niliupenda sana msemo ule, nikautumia hata kijijini kwetu kujitia ukubwa, wala sikuwaza kwamba yeye aliuamini hata ukigeuzwa, kwamba kilichoandikwa lazima kimetokea.

Sasa kitanda cha sita alilala Kobelo, mtu wa milimani, juu ya Kinole, aliletwa kwa machela akiwa na kichomi hajiwezi, na baada ya wiki tatu kichomi kikamwacha na njaa ikamshika. Kobelo alikuwa mtani wangu. Ukoo wao na ukoo wetu ni watani tangu mababu, na kwa kuwa sisi Waluguru mtu ni wa ukoo wa mama yake, basi hata mama yake Kobelo, Bibi Semeni, alikuwa mtani wangu. Alipokuja kumtazama mwanawe mara ya kwanza alinikuta nimevaa kaptula mpya ya khaki akaniuliza miguu ile nimeazima kwa nani. Mnajua utani ulivyo. Mtani humwonei haya, humkasirikii, na akikutukana unamshukuru.

Ijumaa moja jioni nilifika kitanda cha sita nikamkuta Kobelo anafuta bakuli la pili la uji kwa kidole.

Nikamwambia, "Wewe bado hujafa tu? Nimechoka kuandika uji wako, kalamu inakwisha."

"Basi niandike nimekufa upumzike," akasema. "Andika tukuone, karani gani wewe unaogopa kuandika neno moja."

Wagonjwa wote wakageuka kututazama, hata waliokuwa wakigumia kwa maumivu waliacha kugumia kidogo. Kama kusingekuwa na watu nisingefanya, nawaambia kweli, lakini mbele ya vitanda kumi na viwili nikaona nikikataa nimeshindwa. Nikaandika amekufa kwenye safu ya mwisho, kwa herufi nzuri kabisa, nikamwonyesha Kobelo ambaye hakujua kusoma, nikamsomea, akajilaza chali akafumba macho akatoa ulimi, wodi ikacheka mpaka Mzee Kaspari, mtunza wagonjwa, akaja kutugombeza. Nia yangu ilikuwa nifute palepale. Mfukoni nilikuwa na kipande cha mkate mkavu, ndicho tulichofutia siku zile. Ila Mzee Kaspari akanishika mkono, njoo haraka, kuna mjamzito ameletwa kwa machela, hawajui jina lake wala alikotoka, nikatoka mbio kwenda kuandika, na nilipomaliza nikampa Sista karatasi zote pamoja, nikaenda kula. Nikala vizuri sana. Nikalala vizuri sana.

Asubuhi na mapema kengele ya kanisani ikapigwa polepole, ile ya msiba. Nikatoka ninapiga mswaki nikamuuliza mpishi, "Nani jamani?" Mpishi hakujua. Nikapita wodini nikamkuta Kobelo anajipiga ishara ya msalaba, naye akaniuliza mimi, "Nani ametutoka?" Nikamwambia sijui, tumwombee tu, tukainamisha vichwa wote wawili, mimi na marehemu, tukamwombea pumziko la milele.

Halafu nikaingia ofisini. Daftari kubwa lilikuwa wazi mezani, wino umekauka, mstari wa Kobelo, safu ya mwisho. Nikakaa kwenye kiti cha Sista (kosa jingine hilo). Maana nilijua kinachofuata. Mtu akifa, Sista huandika barua fupi kwa mwalimu wa dini wa kijiji chake, anaipiga muhuri, na tarishi anaipeleka, ili jamaa waje wachukue maiti wao au waseme azikwe hapa. Nikachungulia ndoano ya mkoba wa barua, na mkoba haukuwapo. Tarishi wetu alikuwa mtu wa Gairo, mwenye mapaja marefu, hakuwahi kuchelewa popote wala kupumzika popote, na alikuwa ameondoka alfajiri.

Niliyemwona mbele ya macho yangu hakuwa Sista wala bwana wa boma na kiboko chake, ingawa hao nao nilikuja kuwawaza mbele ya safari. Nilimwona Bibi Semeni. Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki, watatu aliwazika, na huyu wa nne alimteremsha milimani yeye mwenyewe akishika ncha ya machela pamoja na wanaume. Nikasema barua ile isimfikie. Nimkamate tarishi kabla.

Hapo, kama ningekuwa na akili, ningevuka ua hatua thelathini nikamwambia Sista Ludgera, nimekosa, nilitania, tuma mtu. Hatua thelathini tu. Nikaziona ni nyingi kuliko mlima mzima, nikavua viatu nikavifunga shingoni, nikatokea mlango wa jikoni bila kumuaga mtu, nikakimbia.

Jamani, nilikimbia. Nilipanda njia ile ambayo watu huipanda kwa kupumzika mara nne, mimi sikupumzika, tumbo linaniuma, viatu vinanigonga kifuani, kila nikizunguka kona natazama juu nione kofia ya tarishi. Kwenye migomba ya kwanza nikamkuta mama anapalilia, nikamuuliza kama tarishi amepita.

"Amepita kitambo," akasema. "Kobelo wa Bibi Semeni amefariki. Wewe si wa ukoo ule, mtani wao? Haya, wahi, kazi yako inakungoja."

"Hajafariki," nikasema. "Yuko hai, nimemwacha asubuhi."

Yule mama akaegemea jembe akacheka. Akamwita mwenzake wa shamba la chini, "Njoo umsikie mtani, ameanza kazi njiani."

Hapo ndipo nilipoelewa nimeingia katika nini. Kwetu msibani wanaolia ni wafiwa, lakini mtani halii, mtani anachekesha. Anajilaza alipolala marehemu, anaiga kukohoa kwake, anazuia watu wasichimbe kaburi mpaka wampe kitu, na zaidi ya yote anabisha kwamba marehemu hajafa, amemwona mahali fulani anakula. Ndiyo kazi yake, na asipoifanya watu wanalaumu. Kwa hiyo katika dunia nzima mtu pekee ambaye hakuruhusiwa kuaminiwa siku ile akisema Kobelo yu hai alikuwa mimi.

Nikaendelea kukimbia hivyohivyo. Kila kitongoji nilichopita nilikuta habari imenitangulia, na kila nikisema hajafa watu wanafuta machozi wanacheka, wananipa pole, na wengine wanajitwika mihogo na ndizi za matanga wakanifuata, mpaka saa tisa mchana ninaingia kijijini nimeongoza msafara wa waombolezaji kumi na tano ambao mimi mwenyewe ndiye niliyewatoa mashambani kwao. Tarishi nilipishana naye anateremka. Alinisalimu kwa adabu akapita.

Ua wa Bibi Semeni ulijaa. Wanaume walikuwa wanakata miti ya machela mpya. Yeye alikuwa amekaa chini mlangoni, ndugu yake amemaliza kumnyoa, nywele zake ziko pale kwenye ungo, na kichwa chake kilikuwa kidogo. Sijui niseme nini zaidi. Kilikuwa kidogo, na nilitaka ardhi inimeze.

Nikasimama katikati ya watu nikasema kwa sauti, "Kobelo yu hai. Leo asubuhi nimemwacha mzima. Jana amekula uji mabakuli mawili."

Ua mzima ukaangua kicheko. Maana Kobelo kwao alijulikana kwa kula, na mtani gani angepata maneno mazuri kuliko hayo. Mzee mmoja akasema, "Mawili tu? Basi kweli alikuwa mgonjwa." Wakacheka tena. Nikaapa kwa Mulungu, nikashika msalaba wa shingoni, wakasema mtani wa mwaka huu hodari. Nikalia, machozi ya kweli, na mjomba wa Kobelo akaniletea kuku miguu amefungwa, akasema haya shika haki yako, umefanya kazi ya watu watatu.

Mwalimu wa dini akainua barua ili watu wauone muhuri. "Mtani ana mdomo, Sista ana karatasi," akasema, akaisoma upya kwa wanaofika: Kobelo mwana wa Semeni amefariki Ijumaa, njoni mmchukue au tumzike hapa.

Nikasema, "Hiyo karatasi imekosewa."

"Amekosea nani?" mwalimu akauliza.

Na mimi (nisameheni, lakini nimeahidi kusema yote) nikasema, "Sista. Sista ndiye amekosea."

Hapo hata waliokuwa hawacheki walicheka. Sista Ludgera akosee daftari. Na Bibi Semeni naye akacheka kidogo, akaniita karibu akanigusa mkono akaniambia, "Asante, mtani. Leo sikudhani nitacheka." Nikabaki nimeshika kuku wangu. Nilikuwa na neno moja la kusema, ni mimi niliyeandika, na neno lile lilifika mpaka kwenye meno likarudi, kwa sababu waliokuwa pale wote walikuwa wakiniamkia kwa kuwa mimi ni mtu wa kalamu, na niliona nikilisema sitakuwa na kitu tena.

Asubuhi ya Jumapili tukaondoka kwenda kumchukua maiti, wanaume wanane na machela yao na shuka jeupe, na Bibi Semeni mbele, hakutaka kubaki. Nilishaacha kusema. Nilitembea nyuma na kuku, maana huwezi kumtupa kuku wa haki, na huwezi kumwacha. Ilikuwa imenyesha usiku huko juu, tulipofika mtoni maji yalikuwa bado yamejaa kiasi, tukangoja yapungue. Wanaume wakakaa kuvuta tumbaku. Bibi Semeni akaja akasimama karibu yangu, hakunitazama, alitazama maji.

"Mtani," akasema polepole, "weka utani chini kidogo. Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko kitanda cha sita, mama."

"Barua je?"

Nikanyamaza. Nilinyamaza mpaka mmoja wa wale wanaume akasimama akasema maji yamepungua, tuvuke, na Bibi Semeni akaingia mtoni wa kwanza bila kungoja kushikwa mkono.

Kutoka hapo alitembea kwa namna ambayo wenye machela walishindwa kumfuata. Mimi nilihesabu tu vilima vilivyobaki, na kwa kila kilima nilichagua adhabu yangu: kwanza kufukuzwa kazi, kisha boma, kisha viboko ishirini na vitano mbele ya soko, nikafika mahali nikaona viboko ni afadhali.

Jumapili mchana ndiyo saa ya kuwatazama wagonjwa, kwa hiyo ua wa hospitali ulikuwa umejaa watu wa mjini na wa vijijini, na katikati yao tukaingia sisi, wanaume na machela tupu na shuka la maiti. Watu wakapisha, wakavua kofia. Na pale barazani, juu ya kiti, amejifunga blanketi, alikaa Kobelo. Hakuwa akicheka. Pembeni yake amesimama Sista Ludgera, amekumbatia daftari jeusi. Alikuwa amekwisha kujua tangu Jumamosi jioni, alipokwenda kumsalia maiti akamkuta maiti anaomba chumvi. Akatuma mtu wa kutuwahi, naye mvua ikamkuta njiani, akafika mtoni mto umefurika akarudi.

Wabeba machela walisimama kama walivyo. Bibi Semeni hakusimama. Alipanda baraza, akamshika mwanawe sikio, akamshika shavu, akaingiza mkono ndani ya blanketi akaweka kiganja kifuani akakiacha pale muda mrefu, na Kobelo akawa anatazama kichwa cha mama yake kilichonyolewa, akaanza kulia kwa sauti mtu mzima yule, akisema, "Nilimwambia mimi aandike, mama. Nilimwambia mimi."

Sista akafungua daftari akaligeuza kwetu. Kiswahili chake kilikuwa cha kukatakata. "Mimi nilinakili," akasema. "Neno hili karatasini aliandika nani?"

Watu wote wa mlimani wakanigeukia, na watu wote wa ua wakawafuata macho, na mimi nina kuku kwapani.

"Niliandika mimi," nikasema. "Nilikuwa nikimtania."

Na hapo, ndugu zangu, waliniamini. Siku mbili nilisema kweli nikachekwa, na safari hii nilisema kweli na hakuna aliyecheka hata mmoja. Yule mzee wa mabakuli mawili, naye alikuwa amekuja nasi, alitazama chini.

Sista akasema jambo hili si la nyumba hii, ni la boma, mtu amechezea maandishi, amewatia watu msiba wa uongo. Akamgeukia Bibi Semeni, "Mama, wewe umekosewa. Sema."

Bibi Semeni akatoa mkono kifuani kwa mwanawe. "Huyu ni mtani wangu," akasema. "Mtani hashitakiwi. Akikuchinjia mbuzi hashitakiwi, akikutangazia kifo hashitakiwi. Mwandikie hivyo bwana wa boma."

Sidhani Sista alielewa, ila aliona kwamba mama yule hatasema zaidi. Hakuniandikia boma. Alinipa kalamu ya wino na daftari kubwa, lile ambalo mkono wangu haukuwahi kuligusa, akaniambia niandike chini ya mstari wa Kobelo, nisome kwa sauti ninavyoandika. Nikaandika nikasoma: hakufa, karani alitania. Nikaweka jina langu. Wino ukadondoka, tone liko palepale, na kila mwaka bwana wa boma alipokuja kukagua daftari alifika ukurasa ule akauliza karani huyo ni nani, na kila mwaka nilisimama.

Bibi Semeni alipokuwa akiteremka barazani akasimama mbele yangu. Nikasema, "Nisamehe, mama. Niliwaambia kwamba yu hai."

"Uliniambia kwamba yu hai," akasema. "Hukuniambia kwamba uliandika wewe. Ungeniambia hilo nilipokuwa nimekaa pale mlangoni, ningekuamini. Nilikuuliza hata mtoni."

Basi. Tangu siku ile nimekataa kushika kalamu na utani kwa wakati mmoja, na nikikosa naanza na la kwangu, naanza na mimi nilifanya, mengine yanafuata, nimewafundisha hivyo hata wanangu na wananiona mzee mgumu. Kobelo alipona akaenda zake, tukaendelea kutaniana yeye na mimi, kila akiniona alikuwa akijilaza njiani na kutoa ulimi.

Mama yake hapana. Nilimngoja. Alipokuja na nywele zake zimeota nilivaa makusudi ile kaptula ya khaki, nikasimama getini, nikamwambia bibi kizee gani huyu asiyekufa. Akasimama. Akaweka kikapu chini, akaunganisha mikono, akainama kidogo namna wanavyowainamia wageni, akaniambia, "Habari za kazi, bwana," akangoja nimjibu kwa adabu, nami nikamjibu, akachukua kikapu chake akapita.